Jicho la Tatu la Bibi Harusi

Hitilafu ya kompyuta ina tabia za jino bovu: ikifika kwa mtaalamu, inatulia. Na mbaya kuliko zote ni ile inayoonekana kwenye skrini tu. Faili ni zima, ukichapa karatasi inatoka safi, lakini mbele ya mteja mambo yameharibika.

Mimi natengeneza kadi za michango ya harusi. Programu ninayotumia kuhariri picha ni huria, na sitaitaja, maana wenyewe ni watu wa kujitolea na hawajawahi kunidai hata senti. Siyo GIMP, ile iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ila ni ya ukoo huo. Inatolewa kwa leseni ya GPL, aliyoiandika Richard Stallman mwaka 1989: tumia utakavyo, chungulia ndani, gawia na wengine. Ila kwenye suala la dhamana, leseni inakujulisha kwa herufi kubwa kwamba haipo.

Basi akaja mama wa bibi harusi kukagua kadi. Nikaikuza picha aione vizuri shela ya bintiye, kisha nikaisogeza chini kidogo. Picha ikashuka na macho yake mawili, lakini kipande kimoja cha mraba chenye jicho la kushoto hakikufutika pale kilipokuwa. Hicho kikabaki palepale, sasa juu ya paji la uso.

“Mwanangu, huyu ni binti yangu?”

“Ndiye, mama. Ni skrini tu.”

“Skrini ndiyo imempa jicho la tatu?”

Nikamhakikishia kwamba kwenye karatasi yatatoka mawili.

“Uyahesabu,” akasema, “maana upande wa mume wameshaanza kutafuta sababu.”

Usiku nikakaa kuwaandikia ripoti watengenezaji wa programu. Fomu yao haina salamu. Taja toleo la programu, mfumo endeshi, kadi ya michoro. Eleza hatua za kufuata ili tatizo litokee. Ulitarajia nini? Kimetokea nini? Nikaandika: nilitarajia macho mawili, yametokea matatu. Ilikuwa kweli tupu, ingawa ilifaa zaidi kupelekwa kwa mganga.

Wakataka ushahidi. Kila nikipiga skrinishoti, dirisha linajichora upya, jicho la tatu linatoweka, na mimi nabaki na picha ya binti mrembo asiye na kasoro yoyote. Ukiituma hiyo, unaonekana una lako jambo. Ikabidi nichukue simu niipige picha skrini yenyewe, gizani, umeme ukiwa umekatika na kompyuta ikitumia betri.

Majibu yakaja kwa adabu kubwa. Bwana mmoja wa mbali alishukuru, akauliza kama nimekuza ukubwa wa maonyesho hadi asilimia 125. Ndiyo, kwa ajili ya macho yangu. Akanieleza kwamba programu huigawa picha katika vigae vya mraba na kuchora upya vile tu vinavyohitajika, ili mashine isichoke. Kwenye 125, mara nyingine mipaka ya vigae haiangukii namba kamili, na kimoja kinaweza kusahaulika. Nilifurahi kupita kiasi. Kumbe jicho lina sababu, tena ya hesabu!

Chini akaongeza swali: yule mtu aliyevaa singlendi, upande wa kulia wa picha, anayeonekana kupitia shavu la bibi harusi, naye ni sehemu ya hitilafu?

Nikamjibu kwamba hapana, huyo ndiye mtoa taarifa.

Kigae kikatengenezwa kwenye toleo lililofuata, na ripoti ikafungwa. Lakini ripoti za programu huria kwa kawaida hazifutwi, na wenye tatizo kama langu huelekezwa wakaisome. Juzi mmoja ameandika kwamba kwake pia kigae kiligoma, ila mtu wa singlendi hajamwona, na anauliza kama inabidi aweke mipangilio fulani.