Nyumba ya Vipande: Mwongozo kwa Mtu wa Uroa Mwenye Ndugu Wengi

Wapo wanaosubiri kontena. Wamesikia kuwa nyumba siku hizi huuzwa kwa vipande, kila ubao una namba yake, na karatasi ya maelezo juu. Ni kweli. Kampuni ya Sears, Roebuck ya Chicago iliuza nyumba za aina hiyo kwa katalogi kuanzia 1908 hadi 1940. Mnunuzi alipokea mbao zake kwa treni, na wengine walizisimamisha wenyewe pamoja na ndugu zao. Lakini pwani yetu ilikwishaianza biashara hiyo zamani. Majahazi yalipakia boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji yakazipeleka Uarabuni, zikihesabiwa kwa korija, yaani boriti 20 kwa 20. Bahrain na Kuwait walilala chini ya miti yetu.

Kwa hiyo, mtu wa Uroa, acha kutazama barabara ya mjini. Vipande vyako unavyo. Mawe unayakanyaga. Makuti yako juu ya minazi. Makumbi yamefukiwa pwani kwa miezi, na bibi zako wanajua kuyapiga na kuyasokota kamba. Kilichobaki ni karatasi ya maelezo, nayo iko kwa ami zako, kila mmoja na yake. Wasikilize wote, kisha chagua ami mmoja awe msemaji wa mwisho, na umtangaze mbele ya wenzake kabla sururu haijagusa ardhi.

Vilevile kabla ya sururu, nenda kwa sheha. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma kisheria, na wewe unapewa haki ya kuitumia. Sheha na majirani ndio watakaoshuhudia mpaka wako. Kisha hesabu miti. Kwetu mti una mwenyewe, na si lazima awe ndiye mwenye kiwanja. Unaweza kumaliza kuchora sebule ukagundua mnazi uliosimama katikati yake ni wa shangazi, aliurithi, na nazi zake ndizo zinazomnunulia sukari. Hapo usikate. Ama umlipe kwa roho safi, ama sebule ihame. Nimeona sebule nyingi zikihama, na hakuna iliyokufa kwa hilo.

Sasa kipimo. Kijana huja na picha ya sebule pana kama uwanja wa mpira. Iulize boriti kwanza. Tembelea Mji Mkongwe, ingia nyumba yoyote ya zamani, utakuta vyumba virefu na vyembamba: upana wa mita 3 hivi, maana hapo ndipo boriti inapokoma kubeba mawe na chokaa ya dari. Waliojenga hawakukosa fedha wala mawazo; walijua mti unataka nini. Hata ukiezeka kwa bati au makuti, ibakishe busara hiyo. Chumba chembamba hutumia miti mifupi, na miti mifupi ni ya bei unayoweza kuilipa.

Na miti yenyewe usiende kuikata kwenye mikoko ya Ghuba ya Chwaka kwa sababu tu iko karibu. Sehemu ya mikoko hiyo imo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa 2004, na samaki unaokula wamelelewa kwenye mizizi yake. Nunua mivinje iliyopandwa. Huota hata kwenye ardhi ya mawe, hunyooka vizuri, na mwenye kuipanda anaweza kuwa binamu yako, kwa hiyo fedha hazitoki nje ya ukoo.

Tunafika kwenye jambo linaloangusha mafundi wa mjini: kalenda ya Uroa haiko ukutani, iko baharini. Tangu kilimo cha mwani kilipoingia pwani hii ya mashariki mwaka 1989, wanawake wetu wamejenga na kuezeka nyumba nyingi kwa fedha zake. Mwezi ukiandama au ukijaa, bamvua hutoa maji mbali, nao wako huko na kamba na vigingi. Ukipanga siku ya kukandika wakati wa bamvua, utakandika peke yako. Subiri maji mafu. Hapo dada, wifi na shangazi wako nyumbani, na kazi itakwenda. Na kuezeka, hakikisha umemaliza kabla ya masika ya Machi.

Gawa kazi kwa tabia ya mtu. Mzee mwenye kuona kosa la kila mtu mpe timazi: jicho lile lile linaloona kanzu yako imekunjika litaona ukuta umelala, na kweli ukuta uliolala ni balaa. Shemeji mpenda mazungumzo asimame kwenye ngazi kupokea makuti, maana ngazi inahitaji mtu asiyeondoka. Watoto wapewe ndoo: matofali ya saruji hutaka maji asubuhi na jioni kwa siku 7, na tofali lililonyimwa maji hupasuka baadaye. Huo ndio mchango mkubwa kuliko wa mtu yeyote pale, waambie hivyo, wapate kujua.

Kwa saruji, nina ombi moja la dhati. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hula nondo kimya kimya ndani ya zege. Najua mchanga wa nchi kavu ni haba Unguja, na uchimbaji wake una masharti. Ununue hata hivyo, kidogo kidogo. Na kama unaongezea chumba kwenye nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, usiipige lipu ya saruji. Kuta zile hupumua. Ukizifunga, unyevu hubaki ndani na lipu hudondoka. Tafuta chokaa iliyolazwa vizuri.

Siku ya kuezeka, sufuria huja kabla ya makuti. Wali wa nazi, maharage, samaki akipatikana, na chai ya asubuhi mapema. Jiko liwe mbali, upande ambao upepo hautaleta cheche: Makunduchi, kwenye Mwaka Kogwa, kibanda cha makuti huchomwa kusudi, na kila aliyewahi kutazama anajua moto ule hauchukui muda.

Kisiwa kina nyumba nyingi zilizofika linta zikasimama, miaka inapita, majani yanaota chumbani. Nyingi zilianzwa na mtu mmoja na mfuko wake mmoja. Ndiyo maana nasisitiza daftari. Andika aliyekuja, aliyeleta makuti na idadi yake, aliyekaa siku nzima na aliyepika. Si kwa kudai, ni kwa kulipa: aliyekupa makuti 50 atayahitaji makuti 50 akianza kwake. Siku ami yako wa Pongwe atakapochimba msingi, fungua ukurasa wake, chukua sururu yako mwenyewe, upande gari asubuhi. Yake itakuwa imeshashikwa na shemeji.