Yah: Ombi la Kuitwa Shuleni Bila Kudaiwa Chochote

Kwa Wajumbe wa Bodi za Shule za Sekondari za Kata,
Wilaya za Ngara na Biharamulo,
Mkoa wa Kagera.

Waheshimiwa Wajumbe,



Kabla ya ombi, pongezi. Ushirikiano wa wazazi na shule katika wilaya zetu mbili umefika mbali kuliko wanavyodhani watu wa Dodoma. Shule inasema watoto wanafeli kwa sababu wazazi hawafuatilii. Wazazi tunasema wanafeli kwa sababu walimu hawafundishi. Kila upande una mkosaji wake, na mkosaji huyo siku zote ni yule ambaye hakufika kikaoni. Mabaraza ya ardhi yangepata mapatano ya namna hii, kesi za mipaka zingekwisha.

Najua mpo, ingawa sijabahatika kuwaona. Sheria ya Elimu ya 1978 ilitaka kila shule ya sekondari iwe na bodi, nasi wazazi tuwe na wa kutusemea humo ndani. Lakini zunguka kuanzia Rusumo hadi Murusagamba, kisha vuka kwa jirani zetu uende kuanzia Lusahunga hadi Runazi, muulize mzazi yeyote mjumbe wake wa bodi ni nani. Atakutajia diwani. Ukimbana, atakutajia marehemu.

Nianze na kikao cha wazazi. Barua inasema saa tatu kamili asubuhi. Sisi tunafika saa tano kwa kuwa tunajua mtaanza saa sita, nanyi mnaanza saa sita kwa kuwa mnajua tutafika saa tano. Ajenda ya kwanza, kufungua kikao. Ya pili, taarifa ya taaluma, ambayo mkuu wa shule huisoma kwa mbio kama anayekimbizwa na mvua. Ya tatu, michango, na hapo ndipo tunapokaa. Mlinzi. Mpishi. Rimu za karatasi za mtihani wa moko. Kambi ya kidato cha nne. Tofali za bweni. Tukifika kwenye "mengineyo", ambako mama mmoja nyuma alikuwa na swali lake kuhusu hisabati, jua limeshageuka na kikao kinafungwa kwa sala.

Mtakumbuka Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku michango katika shule za serikali. Yule alikuwa mtu wa hapa hapa. Chato, nyumbani kwao, ilikuwa sehemu ya Biharamulo, jimbo lake la kwanza liliitwa Biharamulo Mashariki, alisoma seminari ya Katoke, na kabla ya siasa alifundisha kemia na hisabati Sengerema. Tulishangilia agizo lake. Kumbe lilikuwa linatufunulia siri: michango ilipoondoka, vikao navyo vikaondoka. Hapakuwa na la kuitiana. Ndipo michango ikarudi ikiwa imevaa jina jipya, "makubaliano ya wazazi", na vikao vikafufuka siku hiyo hiyo.

Hapa nisije nikaonekana nawasema ninyi peke yenu. Mapema 2016, serikali ilipoondoa ada ya shule za kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka, sisi nasi tuliondoa miguu yetu. Tulielewa kwamba ikiwa ada imekuwa ya serikali, basi na mtoto amekuwa wa serikali. Wapo kati yetu waliotangulia mbali zaidi: wanamwambia mtoto wa darasa la saba ajaze majibu ovyo kwenye mtihani ili asichaguliwe, maana akichaguliwa ng'ombe watachungwa na nani? Mtoto mtiifu anafeli kama alivyoagizwa. Huo ni ufuatiliaji wa taaluma wa hali ya juu sana, tatizo ni upande tu tunaoufuatilia.

Turudi kwenu. Barua ya kumwita mzazi mnampa nani aipeleke? Mnampa mtoto mwenyewe. Yaani mshtakiwa ndiye anayebeba hati ya kuitwa shaurini, ndiye anayeitafsiri nyumbani, na ndiye anayerudisha majibu. Namba zetu za simu mnazo, maana mchango ukichelewa siku mbili ujumbe unaingia ukiwa na namba ya kulipia na jina la mpokeaji. Ripoti ya muhula ndiyo isiyoweza kupita kwenye simu. Ripoti inapita mfukoni mwa suruali ya shule, inavuka mto, inanyeshewa, na kwa bahati mbaya isiyoelezeka, pale penye hisabati ndipo panapolowa.

Ikifika kavu, haina madhara. Hisabati 11, F, aongeze bidii. Kiswahili 74, B, aongeze bidii. Aliyeshika nafasi ya kwanza, aongeze bidii. Aliyeshika mkia kati ya 140, naye aongeze bidii. Nashukuru kwa usawa huu. Ila ningependa kujua bidii hiyo iongezwe wapi: kwenye hesabu za sehemu, kwenye aljebra, au kwenye kufika shule kabla ya gwaride?

Sasa nawaletea habari za mtu ambaye bodi zenu hazimfahamu, ingawa amesaini madaftari yenu ya wageni mara nyingi kuliko mkaguzi yeyote.

Mtoto akipatikana na kosa anaambiwa asirudi bila mzazi. Saa nne anatoka. Saa tano anarudi na baba mdogo. Baba mdogo amevaa koti la kuazima, kofia ngumu ya pikipiki ameiacha nje kwa adabu. Anamsalimia mwalimu wa nidhamu kwa mikono miwili. Anasikiliza, anatikisa kichwa, anasikitika. Anamgeukia mtoto na kumkemea kwa uchungu ambao sisi wenyewe hatujapata kuwa nao: "Mama yako anahangaika na jembe, wewe unatuletea hivi?" Mwalimu anaguswa, anapunguza adhabu. Baba mdogo anaahidi kwamba nyumbani suala litaendelea, anasaini, anatoka, anawasha pikipiki na kurudi kijiweni. Malipo hutegemea uzito wa kosa. Kuchelewa ni soda. Utoro ni elfu mbili. Kukamatwa na simu ni elfu tano, kwa sababu hapo kuna kulia.

Kijiweni kwetu yuko mmoja, simtaji kwa kuwa bado yuko kazini. Ana watoto wa ndugu tisa katika shule mbili: Wahangaza, Washubi, na Msukuma mmoja aliyehamia. Hajaoa.

Mimi simlaumu, kila mtu anatafuta. Kinachonishangaza ni kwamba hajawahi kukamatwa. Ili mwalimu amtambue mzazi bandia, sharti awe amewahi kumwona mzazi halisi, na sisi mara ya mwisho kuonana ilikuwa siku ya kuripoti kidato cha kwanza, mlipokuwa mnakagua ndoo, jembe na fagio. Kwa hiyo napendekeza, hadi hali itakapobadilika, kijana huyu apewe nafasi ya mwakilishi wa wazazi ndani ya bodi. Anahudhuria kuliko sisi, anawajua walimu kwa majina, na takwimu zake za utoro ni sahihi kuliko zenu.

Kuhusu matokeo, nitasema machache, kwa kuwa huwa tunayasherehekea pamoja. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2023, karibu tisa katika kila kumi nchi nzima walihesabiwa wamefaulu. Vigelegele. Ukiwatoa wa daraja la nne, waliobaki hawafiki wanne katika kumi. Hisabati alifaulu mmoja kati ya wanne. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na nilisikia baadhi yenu mkishusha pumzi. Nilijiuliza ni ipi kati ya shule zetu iliyokuwa hatarini kutangazwa.

Ombi langu sasa. Tuiteni siku moja bila kutudai chochote. Msiandae hotuba, msialike mgeni rasmi, maji ya chupa ya meza kuu mnywe wenyewe siku nyingine. Wekeni dawati moja kwa kila mtoto. Juu ya dawati, madaftari yake yote na daftari la mahudhurio la darasa lake. Mtoto asimame upande mmoja, mzazi upande wa pili, mwalimu wa darasa katikati. Basi.

Najua mtakalosema. Mzazi huyu anajua Kihangaza au Kisubi, na Kiswahili cha sokoni. Mtoto tangu alipovuka mlango wa kidato cha kwanza anafundishwa kwa Kiingereza. Huyo mzazi atasoma nini? Waheshimiwa, hatutasoma. Tutafunua kurasa. Mama anayeuza ndizi pale Kabanga, ambaye ana kichwani wadeni wake wote na siku walizoahidi kulipa, hashindwi kuona kwamba daftari la hisabati limeishia Machi na leo ni Agosti. Hashindwi kuona kalamu nyekundu ilipita mara ngapi. Hashindwi kutofautisha mwandiko wa mwanawe na mwandiko wa rafiki wa mwanawe. Ataweka kidole kwenye ukurasa wa mwisho wenye wino na kuuliza: baada ya hapa kulitokea nini?

Hapo ndipo penye shughuli, maana majibu yako mawili. Ama mwalimu wa hisabati alihama na hakuna aliyeletwa, vipindi vikawa vya kufyeka nyasi. Ama mwalimu alikuwepo, mtoto ndiye aliyekuwa Mavota kwenye machimbo, au Nyakanazi akiuza mahindi ya kuchoma kwenye madirisha ya mabasi, na hela ilirudi nyumbani tukaipokea bila kuuliza ilitoka wapi siku ya Jumatano. Jibu la kwanza linawaumbua ninyi, la pili linatuumbua sisi. Ndiyo maana daftari lile halijapata kuwekwa mezani. Miaka yote hii tumekuwa tukishirikiana kulifunika, na kwa uaminifu ambao sijauona kwenye jambo jingine lolote la kijiji.

Msiniambie haiwezekani kupokea wazazi mia mbili kwa siku moja. Mwishoni mwa Aprili 1994, wilaya ya Ngara ilipokea watu wapatao laki mbili na nusu kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi, wakivuka daraja la Rusumo, na kambi ya Benaco ikageuka mji. Hakuna aliyeulizwa kama amekuja na rimu.

Tukishaonana, yako mambo mawili tunayoweza kuyasemea hapo hapo kwenye dawati. La kwanza ni geto. Kata ni pana, shule iko mbali na kijiji, kwa hiyo tunampangia binti wa miaka 15 chumba karibu na shule: godoro, sufuria, debe la unga, kufuli. Kwenye vitabu vyenu ni mwanafunzi wa kutwa. Kwa mwenye nyumba ni mpangaji. Usiku hapo hakuna mzazi wala mwalimu, na mtu mzima pekee anayebisha hodi kwa ratiba inayoeleweka ni mwenye nyumba, kila mwisho wa mwezi. Binti akipata mimba tunaitana, na safari hiyo kikao kinaanza kwa wakati. Novemba 2021 serikali iliruhusu mwanafunzi aliyejifungua arudi masomoni, na ni jambo jema. Sisi kwa upande wetu bado hatujaruhusiana kupita mageto yale saa mbili usiku, wazazi wawili na mwalimu mmoja kwa zamu, kuona taa ya nani inawaka na kwa kazi gani. Halihitaji waraka hilo. Linahitaji tochi.

La pili ni chakula cha mchana, ambalo nitalipita haraka kwa sababu linatia aibu. Wilaya ya ndizi na maharage inamweka mtoto darasani tangu alfajiri hadi saa tisa na tumbo tupu, kwa kuwa mzazi anasema elimu ni bure na shule inasema mzazi hakuleta debe. Maharage yenyewe yapo. Yanasubiri muafaka.

Napendekeza siku iwe Jumamosi ya kwanza ya Machi, kabla daftari la hisabati halijafika pale linapoishia. Nikiitwa nitakuja, saa tatu kamili. Mtanitambua kwa sababu sitakuwa na koti, na mwanangu ataonekana kushtuka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mzazi (halisi) wa mwanafunzi wa kidato cha pili.

Nakala kwa:
Afisa Elimu Kata: aone namna ya kupata madawati ya kutosha, tofauti na yale ya kwenye taarifa.
Mwenyekiti wa Kijiji: tafadhali mnada usiangukie siku hiyo.
Baba Mdogo, kijiwe cha bodaboda: kwa taarifa, na samahani kwa usumbufu utakaojitokeza katika biashara yako.