Heko kwa Faili Lililogoma

Simu mpya ina wasifu wake, na intaneti ya kasi inao wake. Faili lililobanwa lenye mkia wa herufi ngeni halina hata mmoja. Likifika kwenye kompyuta ya nyumbani na .7z au .tar.gz yake, hukaa pale kama karatasi nyeupe isiyo na picha. Ukilibofya mara mbili, kompyuta inakuuliza ulifungue kwa programu gani, kana kwamba wewe ndiwe uliyelifunga. Hapo hulaaniwa lenyewe pamoja na aliyelituma. Laana hiyo ni dhuluma. Kati ya wageni wote wanaoingia kwenye mashine zetu, huyu ndiye anayejua kupiga hodi: husimama mlangoni mpaka mwenye nyumba aulize ni nani, ametoka wapi na amebeba nini. Sifa yake kuu ni hiyo hiyo tunayoiita kero.

Tuanze na jina. Mipangilio ya Windows isipoguswa, huficha mkia wa kila faili la aina inayoijua. Ndiyo maana programu ya kitapeli iliyopewa jina ankara.pdf.exe hujionesha kama ankara.pdf, na mtu akaibofya kwa moyo mweupe. Faili ambalo kompyuta haina habari nalo huoneshwa jina lake lote, kichwa hadi mkia. Lisilojulikana, basi, ndilo lisiloficha kitu. Ukilifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia, utakuta takataka za alama, lakini mwanzoni kabisa kuna utambulisho. Faili la ZIP kwa kawaida huanza na herufi PK, za Phil Katz, Mmarekani aliyeuleta mtindo huo mwaka 1989. La RAR huanza na neno Rar pamoja na alama ya mshangao, na R yake ya kwanza ni ya Roshal, Mrusi aliyeubuni. Libadilishie jina utakavyo, herufi hizo hazibanduki. Linganisha na barua yako ya Word yenye mkia wa .docx. Chukua nakala yake, geuza mkia uwe .zip, kisha fungua: ndani kuna folda iitwayo word, maneno yako yamo kwenye document.xml, na picha zimepangwa kando. Nayo ni kifurushi kilichobanwa, ila haikuwahi kukwambia.

Sifa ya pili ni uwekevu. Belo la mitumba hukandamizwa kwa mashine na kufungwa mikanda ili nguo nyingi zisafiri katika nafasi ndogo, na faili hili hufanya vivyo hivyo bila kukunja hata shati moja. Mwaka 1977 Jacob Ziv na Abraham Lempel walionesha njia: kilichokwisha kuandikwa kisiandikwe tena, bali pachorwe kidole cha kurudi nyuma. Katika kumbukumbu za mkutano ambamo “Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji” ametajwa mara hamsini, cheo hicho kinaandikwa kwa ukamilifu mara moja, na kwingine ni ishara fupi tu ya kusema rudi pale, nakili herufi kadhaa. Faili likifunguliwa, halipungui hata nukta. Usione vyaelea, vyaundwa. Na anayelipia bando kwa megabaiti hana sababu ya kumtukana anayempunguzia mzigo.

Wapo watakaopinga kwamba kutafuta programu ya kulifungua ni kupoteza muda. Ni kweli, kwa mara ya kwanza. Lakini 7-Zip ya Igor Pavlov haina malipo, na ikishawekwa hufungua karibu kila aina unayoweza kukutana nayo. WinRAR nayo hutoa siku arobaini za majaribio. Za mwizi ni hizo hizo, ila hapa arobaini zinapita na mlango haufungwi: inakukumbusha tu kwamba hujalipa. Mdai mpole kiasi hicho hapatikani mtaani.

Pingamizi zito zaidi ni la hatari, nalo lina ushahidi. Lipo faili maarufu liitwalo 42.zip, lenye kilobaiti 42 tu, ambalo likifunguliwa tabaka baada ya tabaka hufika petabaiti 4.5. Mwaka 2019 WinRAR iliacha kufungua mafaili ya ACE baada ya watafiti kugundua tundu la usalama lililokuwapo kwa takriban miaka 19. Lakini tazama aliyeumia na sababu yake. Faili la kwanza hulemea zile programu za kukagua virusi zinazofungua kila kilichomo bila kushiba. Kwa lile tundu la WinRAR, wahalifu walilipa faili la ACE mkia wa .rar, na programu ikalikaribisha bila kuuliza. Pote pawili madhara yaliletwa na wepesi wa kufungua. Mgomo haukumdhuru mtu. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni kosa la aliyelipa bila kufungua kamba achungulie, na gunia halina kesi ya kujibu.

Inasikitisha kwamba adabu hii inaanza kupotea. Tangu mwaka 2023, Windows 11 imekuwa ikifungua .rar na .7z yenyewe, bila msaada wa programu nyingine, na mgeni aliyezoea kupiga hodi sasa anaingia moja kwa moja mpaka sebuleni. Kazi ya kuuliza imebaki kwako. Kwa hiyo faili lijalo likigoma, usilitukane. Soma mkia wake, muulize mtumaji kama kweli ni yeye, tazama orodha ya vilivyomo kabla ya kukitoa hata kimoja, na ukiona .exe mahali ulipotegemea picha za harusi, lifute. Likifunguka kwa mbofyo mmoja, fanya hayo hayo.