Mvua ya Julai

Mei ikishapita, mvua kwetu Chidya huwa ni habari ya redioni: inanyesha kwa watu wengine. Kwa hiyo doa la maji lilipojitokeza Julai kwenye dari ya korido, pembeni mwa tundu la hewa, lilizua mjadala mkubwa kuliko ukubwa wake. Lilianza na rangi ya chai ya maziwa, likasogea taratibu hadi chai ya rangi. Alfajiri lilidondosha tone moja moja, tena pale pale anapopita mtu aliyevaa soksi.

Hilo tundu lenyewe lina historia. Nyumba za nyasi za wazee wetu hazikuhitaji tundu, maana paa zima lilikuwa tundu. Moshi wa jikoni ulipenya katikati ya nyasi, mvuke ukaufuata nyuma, na wote wakaenda zao bila kuaga. Kisha tukaingia kwenye bati. Huku Masasi na Newala bati hupimwa kwa korosho. Mwaka 2018, jeshi lilipoagizwa kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wengine tulishaezeka vichwani kabla hela haijafika mkononi. Baada ya bati ikaja dari ya jipsamu, na jipsamu ikaja na fundi aliyekuwa ameona nyumba nzuri mjini. Akasema nyumba ya kisasa lazima ipumue. Akatoboa darini, akapachika wavu mweupe wa plastiki, akashuka kwenye ngazi akitazama juu kwa furaha ya mtu aliyefungua dirisha la Ikulu.

Alichosahau kueleza ni kwamba nyumba ilikuwa inapumulia ndani ya paa.

Nilipomwita tena, alitazama doa akatikisa kichwa. "Mwalimu, hii ni misumari. Mipira yake imechoka." Nikamkumbusha kwamba mvua ya mwisho tuliiona tukiwa bado tunapalilia. Akasema yapo maji ambayo hubaki juu. Yamebaki wapi tangu masika, kwenye bati lililolala mteremko? Hilo hakulijibu, ila alitaja bei ya kubadilisha misumari yote.

Jirani yangu, ambaye kila tatizo analimaliza kwa paka, alisema ni mkojo wa panya. Kijana wake akasema popo. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, hakusema kitu mbele ya watu. Jioni alimwita binti yake pembeni na kumuuliza kama kuna mtu yeyote hapa kijijini ambaye hakufurahia sisi kuweka dari. Mke wangu akamjibu, "Mama, hata mimi sikufurahia."

Aliyekaribia ukweli alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye ghala la korosho. Yeye hakutazama hata juu. Aliketi, akaomba maji ya kunywa, akauliza, "Mnapika wapi?" Alieleza kwamba korosho ghalani haziharibiwi na mvua peke yake. Huwekwa kwenye magunia ya juti ili hewa ipite, na magunia yenyewe hupangwa juu ya chaga, yasilale sakafuni, kwa sababu unyevu huwa haubishi hodi mlangoni. "Ninyi," akasema, "mmejifungia nao."

Kesho yake, kabla jua halijachomoza, nilipanda darini na tochi. Usiku ulikuwa mweupe, nyota zote nje, hakuna wingu. Chini ya bati nilikuta matone yamejipanga kwenye papi na kwenye ncha za misumari, mengi zaidi juu ya lile tundu. Nikagusa bati: baridi tupu. Usiku wa anga safi bati hupoteza joto lake haraka hadi kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka, na mvuke ukiligusa hugeuka maji. Maji yakidondoka juu ya jipsamu hufyonzwa na bodi, yakitafuta ukingo wa tundu ili yateremke. Ndipo unapopata doa, baadaye vidoadoa vyeusi vya kuvu, kisha fundi.

Ili kumaliza ubishi niliziba tundu kwa boksi na gundi ya karatasi, nikapanda tena baadaye. Bati la juu yake lilikuwa limekauka. Panya na popo wakaachiwa huru kwa kukosekana ushahidi. Mama mkwe hakuwaondoa majirani kwenye orodha yake.

Mvuke huo ulitoka wapi? Kwetu sisi wenyewe. Familia ya watu wanne, kwa kupumua, kupika, kuoga na kufua, huweza kumwaga hewani lita kama 10 za maji kwa siku. Hiyo ni nusu ya ndoo ya lita 20! Nasi tulikuwa kwenye msimu wa mbaazi, chakula kitamu kisicho na haraka yoyote, kinachochemka tangu alasiri mpaka watoto wasinzie. Jiko liko hatua chache kutoka koridoni, bafu liko upande wa pili, na tundu liko katikati likipokea kote kote.

Hapo ndipo nilipochukia kweli. Uwanda wa Makonde unajulikana kwa kiu. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, na chemchemi ziko chini kabisa kwenye mabonde. Mjerumani Karl Weule alikaa Newala mwaka 1906, na miongoni mwa mambo aliyoyaandika ni jinsi maji yalivyokuwa mbali na watu. Wanawake wa uwandani wamepanda na kushuka ile miteremko na mitungi vizazi na vizazi. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka bondeni kupandishwa juu, na katika miaka ya 1970 Wafini nao walikuja kuchimba visima Mtwara na Lindi. Jitihada zote hizo, halafu sisi tunanunua maji kwa ndoo, tunayachemsha, tunayapandisha darini bila pampu, na yanarudi kutudondokea kwenye soksi.

Dawa yenyewe haikuwa ngumu. Bomba la plastiki la inchi 4 limeunganishwa na tundu na kutokezwa nje kabisa ukutani, na mdomo wake umefungwa wavu, maana popo wakishaachiwa huru hawakawii kurudia kosa. Pande zote mbili za paa, pale juu penye pembetatu, tumeweka matofali yenye matundu ili upepo uingie huku utokee kule. Bodi iliyooza ilikatwa, ikawekwa mpya.

Kilichobaki ni mbaazi. Mke wangu amekubali zichemkie nje, kwa sharti kwamba ajengewe banda la jiko la heshima. Fundi alipata habari hizo kabla yangu. Jana nimemkuta uani na futi kamba, anapima.

"Mwalimu, hapa bati sita zinatosha. Na dari tuweke?"

Nimeagiza nyasi.