Eudora na Pilipili Zake
Wapo watu huko Marekani ambao Mac zao hazijaonja toleo jipya la mfumo tangu 2011. Si ukosefu wa bando. Mwaka huo Apple ilitoa Lion, ikaitupa Rosetta, yule mkalimani aliyeziwezesha programu za chipu za PowerPC kufanya kazi kwenye chipu za Intel. Mkalimani alipofukuzwa, Eudora, programu ya barua pepe waipendayo, ikawa bubu.

Eudora! Steve Dorner aliiandika 1988 katika Chuo Kikuu cha Illinois, akaipa jina la mwandishi Eudora Welty. Baadaye ikafunzwa na adabu: ukiandika barua pepe ya matusi inakuonyesha pilipili, hadi tatu, kabla hujaituma. (Leo tungezihitaji kwa magunia.) Qualcomm, waliokuwa wameichukua, waliacha kuiendeleza 2006, msimbo wake ukakabidhiwa makumbusho 2018.

Makumbusho, jamani! Lakini shabiki wake bado anaitunza Mac kuukuu chini ya meza, feni ikikoroma, ili asome barua za 1997 ambazo hata aliyeziandika hazikumbuki. Mshauri ahamie programu mpya, atakuuliza kwa upole kabisa: “Hiyo yako ina pilipili?”