Hotuba ya Uzinduzi wa Mzani wa Furaha

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye hajafika; wazee wangu, kina mama, na ninyi vijana mliokaa juu ya trekta: mwangaluka! Itifaki imezingatiwa.

Nasimama hapa Mhunze nikiwa bingwa wa kupima furaha Kanda ya Ziwa nzima, cheo nilichojipa baada ya kukosa mpinzani. Watu wananiuliza, furaha inapimika? Jamani, Kishapu hii kuna kisichopimwa? Pamba tunapima kwa kilo, ingawa mkulima na karani wa mzani hawajawahi kuona kilo zilezile. Geita wanapima dhahabu kwa vimizani ambavyo ukipiga chafya vinayumba. Almasi ya Mwadui inapimwa kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2 tu. Mwaka 1947 ilitoka pale almasi ya waridi ya karati 54.5, Dkt. Williamson, mwenye mgodi, akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi. Ikapimwa, ikakatwa, ikapimwa tena: karati 23.6. Wachimbaji hakuna aliyewapima. Pengo hilo la kitaaluma ndilo nimekuja kuliziba.

Wenzetu wametutangulia. Umoja wa Mataifa umeitenga Machi 20 kuwa Siku ya Kimataifa ya Furaha, na tangu 2012 inatoka Ripoti ya Furaha Duniani. Chombo chao ni ngazi. Unaambiwa uifikirie ina vipago 0 hadi 10, juu kabisa maisha mazuri kuliko yote unayoweza kuyapata, chini kabisa mabaya kuliko yote. Wewe umesimama kipago cha ngapi? Mwaka 2017 Tanzania ilikuwa ya 153 kati ya nchi 155. Syria, mabomu yakiidondokea, ilitupita kwa nafasi moja.

Niliona aibu. Nikachukua daftari nikaingia vijijini.

Nilianza kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe. Nilipofika wa mia mbili nikachoka kuhesabu. Koti limepasuka mgongoni, kandambili moja ya bluu, nyingine nyekundu. Nikamsomea swali. Akatazama viatu vyangu, akatazama daftari.

"Bhabha, umetumwa na nani?"

"Na sayansi."

Akakohoa. "Andika tatu."

Nikaandika. Akaagiza michembe na karanga, tukala, akanisimulia habari za mkwe wake aliyefukuzwa na bata mzinga, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa koti. Nikamuuliza tena. Uso ukakunjamana papo hapo. Tatu.

Jirani yake akasema tatu kabla sijamaliza swali. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dengu akauliza kwanza wenzake wamesema ngapi, nikamwambia. "Basi na mimi hapohapo, mwanangu, nisije nikaonekana najidai."

Nikasema labda nimewakuta vibaya. Nikarudi mwezi wa sita, pamba imeuzwa, makundi ya Wagika na Wagalu yanashindana ngoma, vumbi limefunika uwanja. Nikamfuata mcheza bugobogobo katikati ya mchezo. Amelirusha jembe juu, anazunguka, meno yote nje. Alinijibu jembe likiwa bado hewani: "Tatu!" Kisha akalidaka.

Kuna wasiosoma wanaodai kwamba watu hawa wananificha. Eti huku kwetu ukitangaza una raha, umemwita mkopaji, mtoza ushuru na shemeji kwa siku moja, na kwamba mtu anayemjibu mgeni mwenye daftari hajibu kuhusu maisha yake, anajibu kuhusu daftari. Hoja hiyo naitupilia mbali. Huo ni umbea, hauna desimali.

Mzani wangu uko tayari, unasoma tatu bila hitilafu, na nimeuombea bajeti. Na ninyi mnaocheka huko juu ya trekta, nyamazeni. Mnaharibu takwimu. Nilishawaandika tatu.