Mwacheni Transiti Asifiwe

Watu huwasifu mama zao, huwasifu walimu wao, na wapo wanaosifu timu za mpira ambazo hazijawahi kuwapa hata nauli ya kurudi nyumbani. Mimi leo namsifu mwanafunzi mwenzangu niliyegawana naye dabo deka miaka minne, yeye juu mimi chini, katika shule moja ya bweni ya wavulana huku kwetu. Siku hizo tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016. Jina la mwenzangu silitaji. Bweni zima lilimwita Transiti.

Aliyekulia Tunduma hahitaji kuelezwa. Malori yanatoka bandarini Dar es Salaam na mizigo ya transiti, yanapanga foleni mpaka unachoka kuyahesabu, yanavuka Nakonde, hayo Zambia, hayo Kongo. Mzigo wa transiti hauna mwenyewe pale unapopita. Unapita tu. Ndivyo kilivyokuwa kila kitu kilichotua mkononi mwa rafiki yangu: sabuni, kandambili, dawa ya meno, sweta la Julai wakati baridi ya Mbozi inauma mpaka kwenye meno. Kitu pekee alichowahi kunirudishia kwa hiari yake ni upele.

Hakuwa na ubaguzi. Aliazima kwa Mnyiha, kwa Mnyamwanga, kwa Mndali, na kwa njuka aliyeshuka jana kwenye basi akiwa bado ananukia mafuta ya mama yake. Hakuwa mchoyo wa shukrani pia. "Mungu akuzidishie, mwanangu," alisema, na Mungu alipozidisha, alirudi.

Sisemi wengine hawakuwa watu. Alikuwepo Gavana, ambaye baba yake alibadilisha fedha mpakani, na ambaye alijaza noti za kwacha kwenye tranka akatutangazia kuwa ni milionea. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ikaondoa sifuri tatu kwenye fedha yake, na shule ilipofunguliwa Gavana alikuwa milionea mstaafu. Alikuwepo mwingine aliyeyajua malori kwa mlio tu. Jumapili alikaa kwenye uzio amefumba macho: "Scania hiyo. Hiyo Howo, haifiki Kapiri Mposhi." Wenzetu walicheza kamari ya nyama ya Jumamosi juu ya masikio yake. Na alikuwepo aliyeapa kuamka kusoma kila atakaposikia honi ya treni ya TAZARA. Treni ilikuwa na mambo yake, basi naye akawa na usingizi wake. Hao niliwapenda. Lakini hakuna aliyenifunza kama Transiti, na alinifunzia kwenye ndoo.

Ilikuwa ndoo ya bluu, ya lita ishirini, na baba aliandika jina langu ubavuni kwa rangi nyekundu. Shuleni maji yalitoka bombani yanapojisikia, kwa hiyo mtu bila ndoo alikuwa nusu mtu. Saa kumi na moja alfajiri sauti ikashuka kutoka juu: "Niazime ndoo, naoga chapchap." Nikaazima. Tangu siku hiyo ndoo yangu ikaanza kuelimika. Wiki ya kwanza ilikuwa bweni la pili imeloweka suruali za watu nisiowajua. Wiki ya pili ilibeba makande. Baadaye niliikuta imepinduliwa, imekaliwa na bingwa wa drafti, vizibo vya soda vikimwangukia miguuni. Ikawa ngoma ya kwaya kwenye ibada ya jioni, na nakiri ilipiga vizuri. Ikawa mlingoti wa goli. Siku tuliyopelekwa kuchuma kahawa katika shamba la mwalimu mmoja, kwa jina la Elimu ya Kujitegemea, ndoo yangu ilichuma kuliko mimi. (Mwalimu Nyerere aliandika habari za Elimu ya Kujitegemea 1967. Sidhani alikusudia kujitegemea kwa mwalimu wa nidhamu.)

Nilipoanza kuifuatilia ndipo nikauona utukufu wa mtu huyu. Kila niliyemkuta nayo alikuwa ameazimwa na mwenzake. Huyo naye aliazimwa na mwingine. Nikazunguka mabweni matatu, nikarudi mpaka kwa Transiti, aliyenikumbusha kwa upole kwamba mimi ndiye niliyemwazima. Wote walisema kweli. Ndoo sina, mwizi hayupo, na mnyororo mzima ukiufuata unaishia kwangu! Mawakala wa forodha wa Tunduma wangemlipa mshahara.

Tulipopelekwa Ndolezi kutazama Kimondo, lile donge la chuma lililodondoka kutoka angani, nilimwona Transiti akilizunguka mara mbili na kuligonga kwa vidole. Nikasema moyoni, leo amekutana na kisichoazimika. Kisha tukaonyeshwa mahali ambapo watu waliotutangulia wamekikata vipande.

Lakini mkebe, jamani. Naomba niache kusifu kidogo. Aliuazima usiku, kesho yake mtihani wa hesabu. Asubuhi nikajikuta kwenye foleni ya watu wanne, nasubiri kuazima mkebe wangu mwenyewe, na zamu yangu ilipofika akaniambia, "Fanya haraka, wenzako wanasubiri." Sikuupata tena. Nilichora duara kwa kizibo cha soda. Baba aliuza madebe sita ya mahindi ili nipate vitu vya kwenye fomu ya shule, na mimi nachora kwa kizibo! Nilikasirika. Nikiandika haya bado nimekasirika.

Basi nikajiuliza alisomea wapi. Kwao hakuwa hivyo. Nimefika, ni watu wa kurudisha sahani ya jirani ikiwa na kitu ndani. Jibu lilikuwa kwenye fomu ya kujiunga na shule. Jembe moja, fyekeo moja, fagio moja, ndoo mbili, rimu moja ya karatasi. Kidato cha kwanza tuliingia zaidi ya mia moja. Siku ya kazi, jembe moja watu watatu. Mitihani ya majaribio tuliandikiwa ubaoni kwa sababu karatasi hakuna. Hesabu hiyo haihitaji mkebe. Ukiuliza stoo vitu hivyo vilikokwenda, unaambiwa ofisini. Ofisini wanasema viko kwa mhasibu. Mhasibu anasema hayo aliyajua mkuu aliyehama. Wote wanasema kweli.

Tulipoingia kidato cha nne, yakatangazwa matokeo ya waliotutangulia, ya mtihani wa 2012. Nchi nzima, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Mwezi Mei serikali ikayafuta, ikayapanga upya, ikayatangaza tena, na baadhi ya sifuri zikaamka zikiwa daraja la nne. Transiti alikuwa juu ya kitanda, amevaa sweta langu. Akasema, "Unaona? Hata wakubwa wanaazima." Nilicheka, halafu nikakumbuka sweta.

Ndoo niliiona tena muhula wa mwisho. Nilitumwa jikoni kubeba maharage, nikaikuta kwenye kona, ya bluu, imepasuka ukingo. Jina langu lilikuwa bado linasomeka kwa mbali. Juu yake mtu mwenye mwandiko mzuri alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: MALI YA SHULE. Nikambebea mpishi maharage kwa ndoo ile ile, nikaiacha pale nilipoikuta.

Tangu 2016 ada imefutwa, tunashukuru. Mwaka huu mpwa wangu kachaguliwa shule ile ile, na fomu yake ninayo hapa mezani: jembe, fyekeo, fagio, rimu, ndoo mbili. Nimemnunulia ndoo nyekundu. Jina lake nimelichoma kwa msumari wa moto, ndani, chini kabisa, ambako rangi nyeupe haikai.